Kwa Masta, Vita Huanza kwa Hodi

Siku kuku wa Mama Stesheni alipopanda mkekani na kula akiba yote ya mchele ya Baba Kulwa, watu wazima walisimama na kupiga kelele utadhani nyumba inaungua. Masta hakusimama. Alimtazama yule kuku mpaka akamaliza, akajipangusa mdomo kwenye saruji, akashuka zake. Ndipo Masta akasema, "Njaa imeingia Mamba. Tuendelee."

"Njaa gani?" Baba Kulwa akalalamika. "Huyu ni kuku wako, Masta! Nirudishie mchele wangu!"

"Kwani njaa ikiingia kwenu Usukumani unamwendea nani akurudishie?"

Tangu hapo ikawa sheria: kilicholiwa na kuku ni njaa, na njaa haina fidia.

Huyo ndiye Masta. Alikuwa stesheni masta hapa Mpanda, akastaafu, akahamia Makanyagio jirani na kwetu, na jina la kazi likamfuata pamoja na mizigo yake. Hata mkewe alimwita Masta, na mkewe naye sote tulimwita Mama Stesheni, kana kwamba stesheni ndiyo mtoto wao wa kwanza. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu likitangazwa kanisani, nikageuka kutafuta ni nani anayeitwa hivyo. Sitaliandika. Halikumkaa.

Na mchele ule haukuwa wa kupika, ulikuwa wa vita. Masta alikuwa na mchezo wa Kijapani, vita vya samurai, ubao mkubwa unaokunjwa wenye ramani ya visiwa, na viaskari vidogo vya plastiki vingi ajabu, kila kimoja na panga lake kiunoni. Aliupata kwa Mjapani mmoja aliyekwama stesheni wakati mvua ilipokula tuta la reli huko njiani kuelekea Kaliua na treni ikawa haipiti. Mjapani yule Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia, na Masta hakujua Kijapani hata cha kuombea maji. Basi wakacheza kwa vidole na kutikisa vichwa mpaka treni ikaja. Wakati wa kuondoka, Mjapani akamwachia ubao. Kwa hiyo Masta alikuwa akisema nusu ya sheria amezipata kwa mwenye mchezo, na nusu amepewa na Mungu. Kijitabu cha sheria kilikuwemo ndani ya boksi, kimeandikwa maandishi yao yale yanayofanana na vibanda. Hakuna aliyewahi kukisoma. Tulipomwambia huenda siku moja atapita Mjapani mwingine atutafsirie, alikataa.

"Hicho ni cha kwao," alisema. "Wao wana theluji. Sisi tuna kuku."

Kwetu samurai waliitwa rugaruga na bwana wao aliitwa mtemi, kwa sababu hao ndio askari na wakubwa ambao babu zetu Wakonongo waliwajua. Majimbo ya Japani, yale yenye majina ya kuvunja ulimi, Masta aliyabandika vipande vya plasta ya kidonda na kuandika juu yake majina tunayoyajua: Karema kando ya maji, Mamba kwenye mchele, Inyonga kwenye asali, halafu Sitalike, Kabungu, Ikola. Rugaruga waliopotea, nafasi zao zilishikwa na punje za mahindi ya njano. Kila mtemi aliwalisha askari wake kwa punje za mchele wa kweli, na Masta hakukubali mchele wa mahali pengine. Lazima uwe wa Mamba. "Askari ale vizuri," alisema, "hata kama ni wa plastiki."

Ukitaka kushambulia boma la mwenzako unapiga hodi. Unasema kwa sauti, "Hodi Karema," na mwenye Karema anaitika, "Karibu," ndipo dadu zinarushwa. Bila hodi hakuna vita. Rugaruga wako wanarudi walikotoka na zamu yako imepita. Nilipomwuliza Masta kama Wajapani nao hupiga hodi, alisema hajui, ila kama hawapigi basi ndiyo sababu waligombana miaka mingi hivyo.

Sheria hiyo Baba Kulwa alitaka kuichezea. Baba Kulwa ni Msukuma mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi kuliko ng'ombe. Siku moja boma lake la Kabungu lilibaki na askari mmoja tu, tena wa mahindi, nami nikapiga hodi. Akatazama juu kwenye mabati. Nikapiga tena. Akaanza kujikuna. Nikapiga ya tatu, akapiga mluzi.

"Mwenyewe hayupo," akasema, kiganja kimeziba mdomo. "Ameenda kuchunga."

Kwa desturi ya watu wote ninaowajua, ukipiga hodi tatu bila jibu unaondoka. Nikabaki nimekwama mlangoni na jeshi langu zima. Masta akavuta ndewe ya sikio, alivyofanya kila alipokuwa anahukumu.

"Aliye ndani akasikia hodi asiitike," akasema, "ni mgonjwa au ni mchawi. Ugali wa mchana tumeuona ulivyouteketeza, kwa hiyo huumwi. Kabungu imechukuliwa."

Mama wa sheria zote ilikuwa ile ya hakuna kusaidiwa. Kila mtemi anawashika rugaruga wake kwa mkono wake. Humwonyeshi mwenzako, humnong'onezi, hugusi kilicho chake, hukohoi kwa makusudi. Mama Stesheni aliwahi kutolewa barazani kwa kosa la kukohoa wakati nilipokuwa naelekea kufanya upumbavu, na maskini siku ile alikuwa na mafua kweli. Masta hakulegeza. "Kwenye reli bendera inashikwa na mtu mmoja," alisema. "Siku itakaposhikwa na wawili, huyu anapunga kijani, yule anapunga nyekundu, mtaenda kuokota watu kwenye majani." Akisema hivyo uso wake ulionyesha si mfano tu.

Sasa sheria hiyo ndiyo iliyomgeukia. Masta alikuwa anapoteza macho. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, kilichokwisha ondoka hakirudi. Alitutangazia mwenyewe, kwa sauti ileile aliyotangazia treni: "Jicho la kushoto limeshaondoka. La kulia liko njiani." Hakutaka pole. Lakini kila mtu aliyekaa kwenye ule mkeka alijua swali lililokuwa mbele yetu: siku la kulia litakapoondoka, Masta atacheza vipi, wakati ni yeye aliyesema hakuna kusaidiwa? Kofia alikwisha rudisha, filimbi alikwisha rudisha, bendera alikwisha rudisha. Alibaki na ubao.

Mimi niliingia kwenye vita vile kwa sababu ya sufuria. Nilikuwa kidato cha pili, mama amenituma kuirudisha kwa Mama Stesheni, na barazani walikuwa wamekaa wazee watatu wanatazamana. Nikaamkia. Masta akaitika "Marahaba," halafu akasema, "Watemi ni wanne, tupo watatu. Keti." Sikukataa, maana kukataa kunahitaji kuongea, na mimi kuongea mbele za watu ni kitu kinachonitoa jasho mpaka leo. Nikaketi na sufuria yangu mapajani.

Shida ikawa kwenye hodi. Niliisema, naapa niliisema, ila haikufika hata kwenye pua yangu.

"Hodi ya kunong'ona ni ya mwizi," Masta akasema. "Rudia."

Nikarudia. Baba Kulwa akacheka. Masta akamgeukia. "Anayemcheka anayejifunza anatoa punje tano. Toa." Baba Kulwa akadhani ni mzaha, Masta akanyoosha kiganja mpaka punje zikatoka. Halafu akanigeukia tena, hana haraka yoyote, kama mtu anayejua treni haiji leo. Nilirudia mpaka ikasikika ng'ambo ya mkeka. Hakunisifia. Alisema tu, "Karibu," akarusha dadu, akanipiga vibaya sana. Nilivyotoka pale nilikuwa na furaha nisiyoielewa. Shuleni nikikosea walimu walinihurumia. Masta alinipiga.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa mkali wa saa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, ukichelewa kidogo mkekani unakuta rugaruga wako wameshapoteza zamu, na huyo ni mtu aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye treni ambayo ikija siku iliyopangwa watu walidhani ni ya jana. Nilipomkumbusha (niliandika kwenye karatasi nikampa, nilikuwa bado naogopa kusema) alisoma akiwa ameisogeza karibu na jicho la kulia, akasema, "Treni haijawahi kuchelewa. Ilikuwa njiani." Chai yake ilikuwa na sukari mpaka kijiko kinasimama, lakini taa ya mafuta ya taa hakuwasha mpaka tuwe tunagongana vichwa. Alitukataza kujigamba, na akishinda yeye alipiga mluzi kuanzia pale barazani mpaka chooni na kurudi. Akishindwa alisema amechoka, anaingia ndani, na Mama Stesheni anatuletea viazi kama fidia.

Vilevile alikuwa na upole ambao aliuficha ndani ya sheria, ili mtu asimshukuru.

Mtemi wa nne alikuwa Baba Dezideri, Mrundi wa kule Katumba, anayeleta maharage na unga wa muhogo sokoni kwa baiskeli. Alikuwa akipumzika kwenye baraza la Masta kabla ya safari ya kurudi. Mama Stesheni ndiye aliyenihadithia kwamba mara ya kwanza walipomwalika kucheza, alitikisa kichwa. "Nyie chezeni," alisema. "Mimi vita nimeshaviona." Akakaa pembeni anakunywa chai, anatazama.

Wakati huo Masta alikuwa bado anafuata jambo moja alilolipata kwa Mjapani. Mtemi akishindwa kabisa, Mjapani alimlaza chini yule mkubwa wa plastiki na kujifanya kama mtu anayejichoma tumbo kwa kisu, huku anatabasamu kwa adabu. Masta alikuwa akiwaonyesha wenzake jinsi Mjapani alivyofanya, nao walicheka sana. Lakini siku ile, Baba Dezideri akiwa pembeni, Masta alimshinda mtu, akamshika mtemi wake amlaze, halafu mkono ukasimama hewani.

"Hebu ngojeni," akasema. "Hii akili gani? Mtu ameshindwa vita, bado ajiue? Na watoto awaachie nani?"

Akavuta ndewe ya sikio. Kisha akamchukua yule mtemi aliyeshindwa, akamweka ndani ya boma lake mwenyewe, katikati kabisa. "Huyu ni mgeni wangu," akasema. "Aliyeshinda anamlisha aliyeshindwa. Kila mzunguko punje mbili. Na mgeni anaruhusiwa kusema lolote kuhusu ugali wa mwenyeji. Kwenye ubao huu hakuna anayekufa." Baba Dezideri aliweka kikombe chini. Wiki iliyofuata aliketi mkekani.

Sheria hiyo ilibadilisha vita vyote. Kushinda kukawa mzigo. Ukiwa na wageni wawili unawalisha, mchele unakwisha, rugaruga wako wanakonda, na wageni wanakusema. Baba Dezideri alikuwa mgeni bora kuliko wote. Alikuwa anashindwa mapema makusudi, nadhani, halafu anakaa kwenye boma la Baba Kulwa anaulizia mboga. "Mwenyeji," alisema, "leo tena dagaa? Na ng'ombe wote wale?" Na miaka ile redio ilipoanza kuleta habari mbaya za Burundi, Masta aliizima kila baiskeli ya Baba Dezideri ilipokunja kona, akaiwasha baiskeli ilipoondoka. Hilo halikuwa sheria. Hakulisema. Nililiona kwa sababu mtu asiyeongea anaona.

Jicho la kulia liliondoka wakati wa mvua. Nilijua siku nilipomwamkia kutoka uani na akageukia upande mwingine kuitika.

Jumamosi ile alitukuta tumepanga ubao. Akaketi kwenye kiti, siyo mkekani. "Chezeni," akasema. "Mimi nitasikiliza."

Baba Kulwa alikuwa amekuja amejiandaa. Sheria mpya kwetu ilihitaji watemi wote wanne wakubali, kwa hiyo akasimama kama yuko kwenye mkutano wa kijiji. "Naleta hoja. Mama Stesheni awe macho ya Masta. Amweleze, amsogezee. Wanaokubali?" Akanyoosha mkono. Baba Dezideri akanyoosha. Nikanyoosha, halafu nikakumbuka haoni, nikasema, "Nakubali."

"Mimi sikubali," Masta akasema.

"Masta, hii ni kwa ajili yako!"

"Ndiyo maana sikubali. Sheria ya kumfaa mtu mmoja siyo sheria, ni zawadi. Sijaomba zawadi."

Hatukucheza. Tulikunywa chai. Wiki zilizofuata tulikuja, tukanywa chai, tukaondoka, na ubao ukawa ndani ya boksi juu ya kabati. Baba Dezideri alitengeneza mguu wa kiti ambao haukuwa umevunjika. Masta alikonda. Jikoni Mama Stesheni aliniambia mimi peke yangu, huku anachambua mchele, "Anaamka alfajiri anapanga watu kwa mdomo. Nasikia, Ikola watatu, Inyonga wawili. Namwambia, Masta, lala. Ananiambia, nyamaza, wanakuja."

Aliyemtoa pale ni Baba Kulwa, na alimtoa kwa njia ambayo sisi wengine tusingethubutu. Masta ni Mgogo, Baba Kulwa ni Msukuma, na hao ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana kwenye msiba wa kwenu, akabeba jogoo wako, na ukikasirika ni wewe unayeonekana huna adabu. Basi Jumamosi moja akaja, hakupiga hodi, akaingia ndani, akashusha boksi, akatandika ubao barazani mbele ya kiti cha Masta.

"Leo nawachezea watemi wawili," akatangaza. "Wangu, na wa marehemu Mgogo huyu."

"Sijafa," Masta akasema.

"Marehemu huwa hawajui. Binti, Mrundi, ketini. Haya! Mtemi wa Kigogo anaondoka Karema na watu wake wote, anakwenda Inyonga kuomba asali."

Nikaona kidole cha Masta kinaruka kwenye mkono wa kiti. Baba Dezideri akacheza, akasema alichofanya. Nikacheza, nikasema. Zamu ikarudi. "Mtemi wa Kigogo amefika Inyonga, amenyimwa asali, anakaa chini kulia. Ikola amewaacha watu? Hapana, nao amewaita waje kulia naye."

"Mjinga wewe!" Masta alisimama. "Ikola ndiyo mlango wa Karema, na Karema umeshaiacha tupu! Mrundi ana watano hapo Kabungu, ataingia!"

"Ni kweli nina watano," Baba Dezideri akasema taratibu. "Hodi Ikola."

"Karibu!" Masta akaitika, kabla Baba Kulwa hajafungua mdomo.

Hakuna aliyemwambia wako watano. Alikuwa amehesabu kwa kusikia, tangu tulipotandika, kila hodi na kila hatua. Ubao wote ulikuwa kichwani mwake. Baba Kulwa aliinama akajifanya anafunga kamba ya ndala, na ndala hazina kamba.

"Huo ulikuwa utani," Masta akasema mwishowe. "Utani siyo mchezo." Akaingia ndani.

Lakini Jumamosi iliyofuata tulimkuta ameketi mkekani. Mama Stesheni alikuwa amebandika uzi wa katani kwa gundi juu ya mipaka yote ya ramani, na rugaruga wa Masta kila mmoja alifungwa uzi shingoni. "Sijabadilisha sheria," akasema kabla hatujamwamkia vizuri. "Kila mtu atasema kwa sauti kila anachofanya, siyo hodi tu. Hata mimi. Kila mtu atasikia, kwa hiyo hakuna anayesaidiwa. Walio wangu nitawashika mwenyewe, na ole wake atakayenigusia." Tukapiga kura. Safari hii tulikubali wote wanne.

Natamani niseme mambo yaliishia hapo. Masta alicheza, akashinda. Akacheza tena, akashinda. Wala hakupiga mluzi. Mimi nilijua kwa nini, na nadhani naye alijua. Baba Kulwa, ambaye hajawahi kumhurumia hata ndama, alipita mbele ya boma tupu la Masta akasema, "Mimi naenda zangu Mamba." Baba Dezideri alirusha dadu, akaitaja namba ndogo kuliko iliyotoka. Na mimi je? Mimi nilikuwa nashambulia kwingine. Hakuna aliyepanga. Kila mtu alidhani ni yeye peke yake.

"Mnanibeba," Masta akasema siku moja.

"Nani amekubeba?"

"Nyie wote. Kama jeneza."

Akawa anacheza kwa adabu tu, kama anayekula chakula asichokitaka kwa sababu kimepikwa na mgeni.

Ilipofika Desemba nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne. Baba Dezideri alikuwa anapanda mahindi, Baba Kulwa amefuata ng'ombe huko bondeni. Nilikwenda kumsalimia Masta mchana, mvua inanyesha juu ya mabati. Alikuwa ameketi mkekani peke yake, ubao uko mbele yake.

"Tucheze wawili," akasema. "Wewe huwezi kudanganya. Huna maneno ya kutosha."

Tukacheza. Mvua ilikuwa kubwa, ikabidi tuseme kwa kupaza sauti, na hiyo ilinifaa, maana chini ya mvua hata mimi nina sauti. Alicheza vizuri. Alinibana upande wa Karema, akanila Kabungu, nikaanza kutafuta pa kukimbilia. Hapo ndipo nikaona. Mwanzoni kabisa aliwatoa watu wake Sitalike kuwapeleka Ikola, akataja mwenyewe kwa mdomo wake, halafu kwenye pilikapilika za Karema akasahau. Sitalike ilikuwa tupu, nyuma yake boma la mtemi wake halina mlinzi, na mimi nilikuwa na wanne pembeni.

Nikamshika mmoja wao, nikamwachia.

"Zamu yako," akasema.

Ningeweza kwenda Inyonga. Angeshinda, Mama Stesheni angeleta viazi, tungesema mvua kubwa. Nilimtazama usoni. Alikuwa amegeuza sikio upande wangu, na alikuwa anangoja, siyo kama mzee kipofu anavyongoja, ila kama adui.

"Hodi Sitalike," nikasema.

"Karibu." Akasogeza mkono kwenye ubao. "Wako wangapi?"

"Wanne."

"Wangu wawili." Vidole vyake vikatembea juu ya uzi wa mpaka, vikaingia Sitalike, vikazunguka. Vikazunguka tena. Hapakuwa na mtu. Alirudisha mkono polepole, akauweka gotini.

Mama Stesheni alikuwa mlangoni na sinia. "We Binti!" akasema. "Huoni kama mwenzio haoni?"

Nilihisi masikio yanachemka. Zamani ningekimbia na kuacha viatu. "Naingia, Masta," nikasema. "Naingia Sitalike, na kutoka Sitalike naingia kwa mtemi. Umekuwa mgeni wangu." Sauti ilitoka kubwa mpaka mimi mwenyewe nikashtuka, maana wakati huohuo mvua ilikuwa imepungua na sikuwa nimejua.

Masta hakusema amechoka. Wala hakusimama.

"Mama, mwache," akasema. "Amenipiga." Alilitamka neno hilo kama mtu anavyosema amenisalimia, na chini ya ndevu zake nyeupe nikaona mdomo unatetemeka, nisijue ni wa kucheka au wa nini. "Niliwapeleka Ikola. Wakati ule umechukua zamu ndefu."

"Ndiyo, Masta."

"Nilisahau."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaona, ukaingia."

"Nikaingia."

Akatikisa kichwa mara nyingi. Kisha akainama juu ya ubao, akaanza kuwatafuta rugaruga wake mmoja mmoja kwa vidole, kila mwenye uzi shingoni, akawarudisha kwenye mstari wa kuanzia, haraka, bila kukosea. Alipomaliza akanyoosha kiganja wazi mbele yangu.

"Lete dadu," akasema. "Sasa nakuja kwako mimi."